Kika cha Hamira

Kwa miaka mingi nilipoulizwa kazi yangu nilijibu kwamba mimi ni mpishi wa samaki, na kila mara mtu aliuliza kama nakaanga au naunga kwa karanga. Sikukaanga wala sikuunga. Niliwapikia samaki wenyewe. Hao ndio waliokuwa wateja wangu, na kama mnadhani wateja wa hoteli za Kansanga ni wasumbufu, subirini siku mtakapopika uji wa kambare asubuhi nzima halafu wakauonja na kuwapa mkia.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaochimba mabwawa siku hizi. Mnakuja kwangu na pakiti zenye picha ya samaki aliyenona kama kitimoto, mnaniuliza: "Mama, hii unga ya kuvu inafanya kazi kweli?" Mnataka nijibu ndiyo au hapana, mpande boda boda mwende zenu. Mimi nina miguu inayovimba na muda wa kutosha, kwa hiyo mtakaa, na mtapata jibu refu.

Nilitoka Busia, upande wa Kenya, vita vya Uganda vilipokuwa vimeisha na Kampala ikijishona upya. Watu waliokuwa wamekula mihogo miaka yote ya taabu walitaka mkate, na mimi nilipata kazi katika tanuri moja la mikate huko Kansanga. Huko ndiko nilikojua hamira. Hamira si kama chumvi. Chumvi unaitia na kuisahau. Hamira unaitunza, kwa sababu ni kitu hai: maji yakiwa ya baridi inalala, yakiwa ya moto inakufa, yakiwa ya uvuguvugu kama ya kumwogesha mtoto mchanga inaamka na kutoa povu. Nilipima joto kwa mkono wangu, hapa ndani ya kiwiko, na sikuwahi kutoa mkate uliokataa kuumuka. Basi mwenye tanuri akahamia kwao, tanuri likafungwa, na mwenzangu wa kanisani akaniambia kuna afande huko Kawempe anatafuta mtu wa kuwapikia samaki. Nilicheka, kisha nikaenda.

Afande Ojok alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye sauti ya gwaride. Yeye Mkatoliki, mkewe Mwislamu, kwa hiyo kwake tulikula Krismasi na Idi zote mbili, na sikuwahi kusikia wakigombana kuhusu Mungu. Waligombana kuhusu samaki. Alikuwa amechimba mabwawa pembeni mwa kinamasi, chini ya Kawempe, ili siku atakapovua sare awe na kitu cha kufanya. Alinisaili akiwa amesimama. "Wewe mama umepika mkate?" Nikasema ndiyo. "Tumbo ya samaki, tumbo ya mtu, yote ni tumbo. Anza kesho."

Mwalimu wangu wa kweli alikuwa Ssalongo. Hilo si jina, ni heshima anayopewa Mganda aliyezaa mapacha, lakini hakuna aliyemwita jina lingine, hata Afande. Kabla ya mabwawa alikuwa mtega kambare kwenye kinamasi hicho hicho, na kila alichojua alikijua kwa vidole. Yeye ndiye aliyezalisha samaki wetu. Kambare wakiwa bwawani hawatagi ovyo kama ngege, yaani perege. Lazima mtu awasaidie, na mtu huyo alikuwa yeye. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, ambako herufi l na r hazina mpaka mkali na kila kitu ni "hii". Siku yangu ya kwanza aliniona namwaga chakula bwawani kwa ndoo, akanishika mkono.

"Mama, usimwaga kama unatupa takataka. Weka kidogo. Ngoja. Angalia mdomo yao. Mdomo ikisimama, na wewe simama."

Hiyo peke yake ina thamani kuliko nusu ya pakiti zenu. Chakula kisicholiwa kinaoza chini, maji yanachacha, na samaki wanakosa pumzi. Kisha mfugaji analalamika kwamba kirutubisho hakifanyi kazi.

Sasa niwaambie kuhusu kuvu, kwa sababu ndilo swali lenu. Kuvu wa kwanza niliyekutana naye Kawempe hakuwa rafiki. Ulikuwa msimu wa mvua, na soko la Kalerwe lote lilikuwa tope. Nilinunua mashudu ya karanga kwa mama mmoja niliyemwamini, magunia yalikuwa yamelowa chini, nami nikayapokea kwa sababu kila gunia la soko lile lilikuwa limelowa. Baada ya muda mfupi nikaona vumbi la kijani kwenye mashudu. Mimi mtu wa tanuri nikajiambia moto unaua kila kitu. Nikasaga, nikapika hadi uji ukaruka, nikawapa samaki. Walikula. Tuliendelea hivyo msimu mzima, gunia baada ya gunia, na wote tuliona lile vumbi na wote tuliridhika na moto wangu.

Samaki walidumaa. Hawakufa, na hilo ndilo baya, maana wangekufa tungeamka mapema. Majike, yaani mama wa kambare wote tuliotegemea, matumbo yao yalibaki bapa. Ssalongo alipowakamua yalitoka mayai machache yasiyolingana, mengine makubwa, mengine kama vumbi, na yalipowekwa kwenye maji yakageuka meupe. Kisha yakaota pamba. Hiyo pamba nayo ni aina ya ukungu wa majini, inayovamia yai lililokufa na kupita kwa jirani yake aliye hai. Tukajaribu tena baadaye, ikawa vile vile. Siku hiyo Ssalongo aliingia stoo, akachota mashudu kwa kiganja, akanusa mpaka nikadhani atapiga chafya.

"Mama, hii ilikuwa sumu kabla ya kufika kwako."

"Lakini mimi huipika."

"Ukipika sumu unapata sumu ya moto."

Bwana samaki wa serikali alipopita alithibitisha: moto unaua ule ukungu wenyewe, lakini sumu ambayo ukungu umekwisha kuiacha ndani ya karanga haiondoki. Inakaa kwenye ini la samaki, inamzuia kukua, na jike anayekula hiyo hatengenezi yai la maana. Tulichimba shimo, tukafukia magunia yote. Tangu siku hiyo sinunui mashudu bila kuingiza mkono mpaka katikati ya gunia, na mama wa Kalerwe walinipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Lakini mayai yalikuwa yamekwisha kuharibika mara mbili mfululizo, na bwawa lisilo na vifaranga ni shimo la maji tu. Jirani yetu upande wa barabara alikuwa ameuza sehemu yake, na malori yalikuwa yanamwaga udongo mwekundu kwenye kinamasi kutwa nzima ili watu wajenge maduka. Afande aliyatazama malori yale kwa muda mrefu kuliko tulivyopenda. Kisha akatuita mimi na Ssalongo.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Mimi nimechoka. Mke wangu amechoka zaidi. Nyinyi jaribu mara moja tena. Samaki ikizaa, tunaendelea. Ikikataa, lori itapinda hapa, itamwaga, na kila mtu ataenda kwao."

Ssalongo hakuwa na pa kwenda, maana kinamasi chake cha kutegea kilikuwa tayari chini ya ule udongo mwekundu. Mimi nilifikiria Busia, nikaona aibu kurudi na mabegi yale yale niliyokuja nayo.

Ni bwana samaki aliyetaja hamira. Siku hiyo Ssalongo alikuwa kijijini kwenye matanga, kwa hiyo nilisikiliza peke yangu. Alisema tuwapumzishe majike, tubadilishe maji, tuwape mukene mkavu, wale dagaa wa ziwani, na pumba safi, na juu yake tutie hamira kidogo. Alisema wengine wamejaribu wakaona tumbo la samaki linatulia, chakula kinasagika vizuri, samaki anakua na kuhimili maradhi, na majike wanajaza mayai vizuri. "Lakini si uchawi," alisema, na nilimpenda kwa neno hilo. Kisha akaniambia jambo lililonishangaza: hamira, ukungu wa mashudu na uyoga wa porini ni jamii moja kubwa. Nilirudi jikoni nikiitazama ile pakiti kama mtu aliyegundua kwamba shemeji yake mpole ana ndugu jambazi.

Mnadhani mtu wa tanuri hawezi kukosea hamira? Siku ya kwanza niliitia kwenye uji unaochemka. Niliua kila kitu kilichokuwa hai humo, mimi niliyejivunia kiwiko changu. Hamira iliyokufa bado ni chakula, ina nguvu yake, lakini haikuwa kazi niliyotaka. Siku ya pili nikasahihisha: pika uji, uache upoe hadi kiwiko kiukubali, ndipo uitie. Siku ya tatu tamaa ikaniingia. Nikasema kama kidogo ni kizuri, kingi kitakuwa kizuri zaidi, nikatia kama ninayeoka mikate ya arusi. Uji ulifura sufuriani, ukavuka ukingo, ukamwagika mpaka mlangoni kwa Afande. Majike waliunusa wakaondoka. Ssalongo alikaa chini kwa kicheko. "Mama anataka samaki yake ipande juu kama mkate!" Basi nikarudi kwenye kidogo, yaani chembe za kunyunyiza tu juu ya beseni zima, na hapo ndipo walipokula vizuri.

Hapa nawaomba mnisikilize kuliko pengine pote. Majike walibadilika. Ngozi iling'aa, matumbo yakaanza kujaa na kulegea, na walikuja kwenye chakula kwa haraka. Je, ilikuwa hamira? Nilijiuliza kila siku. Tulikuwa tumeacha sumu, tumebadilisha maji, tumeongeza mukene, na mvua zilikuwa zimeanza, nazo peke yake humwambia kambare kwamba wakati umefika. Nikawatenga baadhi ya majike kwenye bwawa dogo, chakula kile kile, maji yale yale, ila bila hamira. Hao nao walipona, lakini polepole, na matumbo yao yalichelewa. Kwa hiyo nasema hamira ilisaidia. Sisemi ilifanya yote, na mtu atakayewaambia unga wake unafanya yote, mwulizeni aliwatenga samaki gani wasioupata.

Ssalongo aliporudi kutoka matanga, siku ile ile ya uji uliofura, aliiona hamira jikoni, na haikumsumbua, maana kwake hamira ilikuwa kitu cha mkate. Siku zikapita. Asubuhi moja akamtoa jike mmoja wa hamira, akamlaza kwenye taulo lililolowa, akaminya kidogo tu kwa kidole gumba. Yakatoka mayai yenye rangi ya kijani na kahawia, yote ya ukubwa mmoja, safi kabisa.

"Bannange! Mama! Umewapa nini hii watu?"

Na mimi, kwa kiburi chote cha mpishi aliyesifiwa, nikajibu kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiswahili na Kiganda: "Ssalongo, hii hamira si unga tu. Ni kitu hai. Ni ya kika cha butiko."

Butiko ni uyoga. Kika ni aina, na nilitaka kusema aina. Lakini kwa Waganda kika ni ukoo pia, tena hicho ndicho kika wanachokifikiria kwanza, na kila ukoo una mwiko wake, kitu ambacho watu wake hawali, wanaita muziro. Ssalongo alikuwa wa ukoo wa Butiko. Mwiko wake ni uyoga. Nilijua hilo! Nilikuwa nimemwona mara nyingi Kalerwe akizunguka upande wa pili ili asipite karibu na vikapu vya uyoga. Nilijua, na ulimi ukatangulia.

"Ya kika chetu?" akauliza.

"Hapana, nimesema aina. Ni aina tu."

"Umesema kika."

"Kika, lakini si kile kika..."

"Mama." Hakupandisha sauti. "Ni ndugu ya butiko, ni kweri ama si kweri?"

Ningesema si kweli, mambo yangeisha. Lakini bwana samaki aliniambia hivyo kwa mdomo wake, na mtu huyu alikuwa amenifundisha kazi bila kunidanganya hata siku moja. Nikasema, "Ni kweli. Ni ndugu wa mbali sana."

"Ndugu ni ndugu."

Alimrudisha yule jike majini taratibu, bila kumwangusha. Kisha akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, akasugua, akanawa tena. Akakaa juu ya ndoo akawaza. Baadaye akaniuliza, "Mkate ina hamira?" Nikasema ndiyo. Akafumba macho; alipenda mkate na chai. Akauliza tena, polepole zaidi, "Na mwenge?" Mwenge ni pombe ya ndizi, na kila Jumapili alikunywa na wazee wenzake. Mimi mwokaji nilijua vizuri kinachofanya pombe iwe pombe. Nikamwambia kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, mimi ni mlokole, mambo ya pombe siyajui." Huo si uongo, ingawa haukuwa mbali na uongo.

Akasema hawezi tena kugusa wale majike. Hakuwa na hasira nami, na hilo liliniumiza zaidi.

Afande alipopata habari alinijia jikoni. "Mwambie ulikosea. Mwambie hamira inatoka kwa ngano. Kwisha."

"Afande, nikimdanganya leo, kesho akiniuliza kama maji ni safi ataniamini vipi?"

"Kesho gani? Bila yeye hapana kesho! Mimi nimeshaongea na dereva ya lori. Jumamosi anapita hapa."

Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Majike walikuwa wamekomaa, na mayai yaliyokomaa hayangoji. Yakikaa sana tumboni yanaharibika, na unarudi pale pale. Hakuna mwingine kati yetu aliyejua kuzalisha. Mimi nilijua kupika tu. Nilikwenda nyuma ya stoo nikaomba, na sala yangu haikuwa ya adabu sana.

Siku iliyofuata, alasiri, Ssalongo alikuja. Hakuingia kwenye chumba cha kutotolea. Aliweka ndoo yake nje, akaikalia, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa matofali, uso kwenye kinamasi, dirisha likiwa juu ya kichwa chake.

"Mama, uko ndani?"

"Niko."

"Mkono yangu imekatazwa. Mdomo hakuna mtu amekataza. Chukua kisu."

Vijana, mimi nilifundishwa kuzalisha kambare na mtu aliyenipa kisogo. Alisema kata kichwa cha samaki huyu tuliyemchagua atoe tezi, ile inayomwamsha jike kutaga, fungua kutoka chini, tafuta punje nyeupe, ndogo kuliko mchele. Nikasema sioni. Akasema umeangalia juu, angalia mahali ubongo inakaa. Nikaiona. Nikaisaga, nikaichanganya na maji ya chumvi, nikaivuta kwenye sindano. "Choma kwa mgongo, pembeni ya pezi, laza sindano, usisimamisha. Ukitoa, sugua na kidole, isirudi." Jike alinipiga mkia usoni. Ssalongo alisikia kofi lile kupitia dirishani. "Hiyo ni salamu," akasema.

Asubuhi, jua likiwa bado halijakausha umande, alikuwa tena kwenye ndoo yake. Mimi ndani, taulo mkononi.

"Kausha samaki. Kausha beseni. Kausha mkono. Maji ikigusa yai kabla ya mbegu ya dume, yai inafunga mlango."

Hilo nilielewa. Nikakausha kila kitu kama ninayetaka kuchekecha unga. Nikaminya kutoka kifuani kuelekea chini, taratibu, na mayai yakatiririka yenyewe ndani ya beseni, mengi, bila kulazimishwa. Nikapiga kelele.

"Yana rangi gani?" akauliza.

"Kijani, kahawia kidogo."

"Yamelingana?"

"Yamelingana yote, Ssalongo!"

"Usilie juu ya beseni. Nimesema kavu."

Nikaongeza mbegu za dume, nikakoroga kwa unyoya wa kuku kama alivyosema, maana kijiko kinapasua. Kisha maji, kisha haraka kuyatandaza juu ya chandarua ndani ya maji yanayotembea. Kutwa nzima niliokota mayai yaliyogeuka meupe kabla hayajaota pamba, na kutwa nzima yeye aliuliza kutoka nje: "Meupe mangapi?" Nami nikamjibu, "Machache." Akauliza tena kana kwamba hakunisikia, na nikajua anataka tu kusikia neno lile.

Afande alipita mara mbili, akatutazama, mimi ndani na mzee nje, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta askari wake wamelewa wakiwa zamu.

Mayai yalianguliwa Jumamosi. Nilipofunua asubuhi, chini ya chandarua palikuwa na vitu vyeusi vyembamba, vyenye mikia, maelfu kwa maelfu, vikijisukuma kwenye kona yenye giza. Nikatoka nje mbio. Ssalongo aliniangalia usoni akasimama. Akafika mlangoni, akasita, mkono mmoja juu ya fremu. Akainama kuangalia bila kuvuka kizingiti.

Barabarani lori lilikuwa limeshafika. Lilisimama na injini yake ikinguruma, na Afande alikuwa akizungumza na dereva.

"Wamekula nini hawa?" Ssalongo akaniuliza.

"Bado hawajala kitu. Wanaishi kwa kiini cha yai."

"Kiini ni ya mama."

Kiini kilikuwa cha mama, na mama alikuwa amekula hamira, nami ndiye niliyempa. Niliona anaanza kugeuka, nikaogopa, maana vifaranga vya kambare kufa ni kazi rahisi, na sikujua hata jambo moja la kufanya nao kuanzia saa hiyo.

Kisha akasimama. Akarudi. "Mama. Baba yao alitoka bwawa gani?"

"La chini."

"Ile bwawa anakula nini?"

"Pumba na mukene. Hamira ilikuwa ya majike tu, Ssebo. Madume sikuwapa hata chembe."

Midomo yake ikatembea kama anayehesabu mababu zake. Uso wake ukaanza kufunguka.

"Kwetu Buganda," akasema, "mtoto anaingia kika ya baba."

Akavua viatu. Akakunja mikono ya shati, akavuka kizingiti, akapiga magoti kando ya chandarua na kuingiza mikono yote miwili ndani ya maji. Nililia wazi wazi, na safari hii hakunikataza. Afande akaja mpaka mlangoni, tayari kusema jambo kubwa, akatukuta tumeinama, vichwa vyetu vinagusana juu ya maji. Kisha akarudi barabarani, na tukasikia ile sauti ya gwaride ikimwambia dereva apeleke udongo wake mbele.